Mama Mkwe ni Mteja

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo nimeamka dalali wa mbuzi. Nalala mtetezi wa wanyonge. Subhanallah, dunia hii!

Yote yalianza kwa kutafuta kivuli. Soko la mifugo lilikuwa limelala, na jua la Garissa lilikuwa linachoma mpaka mawazo. Nikaingia ukumbi wa kata kwa sababu una feni. Mbele alikuwa amesimama wakili, msichana wa kwetu, anaitwa Ilhan, asili yake Mandera. Anawaeleza watu sheria ya kumlinda mtumiaji. Nikakaa chini ya feni. Sikuwa na nia ya kusikiliza.

Akasema mtu akiuziwa unga wenye funza, sheria iko upande wake. Sawa. Akiuziwa simu mbovu, vilevile. Sawa. Kisha akasema kwamba mgonjwa naye ni mteja!

Mgonjwa! Mteja!

Akaeleza kuwa akiingia hospitali, iwe ya serikali au ya mtu binafsi, anapewa huduma, na huduma inalindwa kama bidhaa. Ana haki ya huduma yenye ubora unaofaa. Ana haki ya kuelezwa anachofanyiwa. Ana haki ya kulindwa afya yake. Akiumizwa kwa uzembe au kwa uongo, ana haki ya fidia. Si maneno yake, akasema. Yamo ndani ya Katiba, Ibara ya arobaini na sita.

Vinyweleo vilinisimama. Mimi nimeuza mbuzi tangu ndevu zinaanza kuota, na sheria yangu ni moja: mbuzi akishavuka lango si wangu tena, hata akianguka na kufa palepale barabarani. Kumbe kuna sheria inayomfuata mbuzi mpaka nyumbani kwa mnunuzi! Inamfuata daktari mpaka kando ya kitanda! Kuna watu waliokaa mahali, wakatufikiria sisi, wakatuandikia hivyo. Wallahi nilitaka kulia.

Mzee mmoja akauliza kama basi daktari analazimika kuponya. Wakili akajibu hapana, kuponya ni kwa Mungu. Sheria inadai uangalifu na ukweli. Sehemu hiyo sikuishika vizuri. Nilikuwa nawaza fidia.

Mpango: mama mkwe anakuja keshokutwa kutoka Balambala kutibiwa macho. Kliniki ya binafsi, vioo mbele na nyuma. Pale lazima kuna kosa. Penye watu hapakosi kosa. Nitalikamata mimi. Ninachohitaji ni ofisi.

Jumanne, 14 Oktoba

Ofisi nimepata! Ni ya shemeji Jama, kaka wa mke wangu Ebla.

Jama na mimi hatupendani, lakini tunaheshimiana kama fisi wawili kwenye mzoga mmoja. Ana kibanda sokoni. Anauza matone ya macho, vichupa vya buluu vinavyovuka mpaka huko Mandera. Eti yanayeyusha mtoto wa jicho bila kisu. Anapita vijijini na gari lake la Probox, kipaza sauti juu, na tangu aanze biashara hiyo ametoa kitambi na kununua saa inayong'aa. Nikimwona hujisikia vibaya kidogo upande wa kushoto wa kifua.

Nikamwambia anipe nusu ya kibanda niketi nikiwatetea wagonjwa. Akacheka. Akasema sawa, lakini tuwe washirika, jina langu liwe kwenye ubao. Watu wakiona wawili wataamini zaidi. Nikajifanya kusita. Moyoni nilikuwa naruka! Nikaweka sharti moja tu: jina langu litangulie.

Tumebishana mpaka adhuhuri. Nimeshinda.

Mchoraji Aweys amekuja na rangi yake. Nilimtajia jina la biashara, Pona Uone. Aweys ni Msomali safi, p kwake ni b, na mkono wake huandika kama ulimi unavyosema. Sasa ubao unasomeka hivi kwa herufi nyekundu: SAKARIYE NA JAMA. BONA UONE.

Sijali. Jina langu liko mbele. Limeandikwa sawasawa. Aweys ameapa kuwa rangi hiyo haifutiki.

Jumatano, 15 Oktoba

Mama mkwe amefika. Hooyo Bishara. Hooyo ni mama kwa lugha yetu, na mwanamke huyu anastahili neno hilo kuliko wote ninaowafahamu.

Amekuja juu ya lori la vitunguu. Nilimshusha mimi mwenyewe. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akitazama ukingo wa mbali kabisa wa nyika akakwambia ngamia yule ni wa nani na ana mimba ya miezi mingapi. Leo mboni zake ni nyeupe kama maziwa. Aliupapasa mlango wetu kwa vidole kabla ya kuingia.

Nikakaa kimya kwenye mkeka.

"Waryaa Sakariye," akasema, "umenenepa."

Nikamuuliza amejuaje.

"Mkeka umelalamika."

Baadaye aliuliza kama jua limeshatua. Ilikuwa saa za mchana, mwanga mtupu. Ebla akaenda jikoni akasimama akiutazama ukuta. Nami nikamsogezea hooyo kikombe cha chai. Kwa muda nilisahau fidia kabisa.

Baada ya chai nikaikumbuka.

Nimempigia simu wakili Ilhan. Nimemwalika kesho kliniki, aje ashuhudie kwa macho yake jinsi wagonjwa wanavyoonewa. Amekubali! Ameniambia kuwa ni wachache wenye moyo kama wangu. Ebla amesikia, akaniuliza nina mpango gani. Nimemwambia ni haki. Amenitazama kama mtu anayetazama maziwa yakianza kuchemka.

Alhamisi, 16 Oktoba

Ninaandika nikiwa nimefunga mlango kwa ndani.

Tulikwenda asubuhi. Hooyo, Ebla, wakili Ilhan na mimi, simu mkononi tayari kurekodi. Mhudumu wa mlangoni akaniomba niiweke, kwa sababu wagonjwa wengine nao wana haki ya siri zao. Wakili akatikisa kichwa kukubali. Kosa la kwanza likawa langu. Haidhuru.

Daktari ni mwanamke, Deka. Kijana, mpole. Alimketisha hooyo, akazungumza naye yeye, si mimi, kwa Kisomali cha heshima. Alileta jicho la plastiki kubwa kama tikiti, likifunguka vipande vipande. Akamshikisha hooyo kila kipande. Hiki ni kioo cha mbele. Hii ni lenzi, ndiyo iliyoingia ukungu, ndio huo mtoto wa jicho. Nyuma kuna mshipa unaobeba picha mpaka kwenye ubongo.

Mimi nina macho tangu kuzaliwa na sikuwahi kujua nimebeba nini! Kitu kidogo kama zabibu na ndani yake kuna milango, maji, pazia, na kamba inayopeleka dunia yote kichwani. Nilisahau kutafuta makosa. Niliomba kushika lenzi mara ya pili.

Kisha daktari akaeleza upasuaji. Akaeleza na hatari zake, moja baada ya nyingine, bila kuulizwa. Nilitaka kutia sahihi kama mwanaume wa nyumba. Daktari akasema hapana, mgonjwa ni hooyo, akili yake ni nzima, atakubali au kukataa mwenyewe. Hooyo aligeuza uso kuelekea sauti ile. Akasema polepole kwamba ameolewa, amezaa na amezika, na ni mara ya kwanza mtu kumuuliza yeye kuhusu mwili wake.

Nikairudisha kalamu mezani. Haikuwa zamu yangu.

Daktari akampima presha ya macho. Akapima tena. Akachungulia kwa taa yake muda mrefu. Akavuta kiti karibu na kumshika hooyo mkono. Jicho la kulia lina matumaini, akasema, ila kwanza lazima presha ishuke. La kushoto, mshipa wa nyuma umeshakufa. Halitaona tena.

Hapo nikasimama. Kosa limepatikana! Nikapaza sauti kwamba mteja ana haki ya maelezo, kwamba Ibara ya arobaini na sita inataka kujua, nani ameharibu jicho la mama huyu?

"Hooyo," daktari akauliza kwa upole, "umekuwa ukitia kitu gani machoni?"

Hooyo akafungua fundo kwenye pindo la mtandio wake. Akatoa kichupa cha buluu.

"Dawa ya mwanangu," akasema. "Jama. Asubuhi na jioni, tangu mvua za mwaka jana."

Daktari alikisoma. Akaeleza kuwa ndani mna dawa kali ya kutuliza uvimbe. Daktari huitoa kwa muda mfupi, tena huku akipima. Mtu akijitilia miezi na miezi, presha ya jicho hupanda kimyakimya, haiumi, haiwashi, mpaka inaua mshipa. Na mtoto wa jicho hayeyuki kwa tone lolote. Hakuna tone kama hilo duniani.

Wakili Ilhan akafungua kalamu yake. Akauliza nani anayauza.

Nikakaa. Nikatazama viatu vyangu.

"Jama na mshirika wake," hooyo akasema. "Huyu hapa. Ebla ameniambia jina lake ndilo la kwanza."

Ijumaa, 17 Oktoba

Mpango wa dharura: kufuta jina.

Nimemwendea Aweys. Amesema rangi yake haifutiki, hiyo ndiyo sifa yake. Nimenunua mafuta ya taa na kipande cha tambara, nikapanda kreti mbele ya kibanda. Nikaona nianze na jina la biashara, ili kwanza isijulikane tunauza nini. Limetoka! Nikasogea kwenye jina la Jama, limetoka pia, mafuta ya taa ni kitu cha ajabu. Nilikuwa ndio nimeanza herufi ya kwanza ya jina langu nikasikia mtu akikohoa chini.

Wakili Ilhan. Pamoja naye afisa wa kukagua dawa, koti la bluu, uso wa chuma.

Walitazama ubao. Ulikuwa umebaki na neno moja tu, jekundu, linang'aa. SAKARIYE.

Afisa amechukua vichupa vyote na kukitia kibanda kufuli. Amesema dawa lazima iwe imesajiliwa, na muuzaji awe na leseni. Hilo lina mkondo wake mahakamani, na hakuna mama wala shemeji anayeweza kulisamehe. Wakili akaongeza kuwa kumdanganya mteja kuhusu uwezo wa kitu unachomuuzia ni kosa jingine, na kumuumiza ni jingine tena. Kila neno lilikuwa linaanguka mahali pake kama tofali. Nilikuwa naogopa na wakati huohuo nikistaajabu. Sheria ilikuwa nzuri vilevile kama siku ile chini ya feni. Tofauti ni upande niliosimama.

Watu walikuwa wanatoka msikitini. Soko zima lilikusanyika. Nilikuwa bado juu ya kreti.

Jama alifika mwisho. Nilitarajia atapiga kelele. Alikaa chini kwenye vumbi na ile saa yake.

"Mandera waliniambia ni mitishamba," akasema. "Mama nilimpa kabla ya mtu mwingine yeyote. Chupa ya kwanza kabisa ilikuwa yake."

Alikuwa ameiamini. Mimi nilidhani ananidanganya mimi na Garissa nzima, kumbe aliyedanganywa ni yeye na mama yake. Sikujua niangalie wapi. Nilishuka kreti.

Jumanne, 28 Oktoba

Hii siwezi kuiandika kwa haraka.

Presha ya jicho ilishuka wiki iliyopita. Jana hooyo akapasuliwa. Leo asubuhi bandeji ilitolewa. Tulikuwa Ebla, mimi, na Jama nje ya mlango, kwa sababu hakuthubutu kuingia.

Daktari Deka alibandua polepole. Akapangusa. Hooyo alikuwa amefumba. Akaambiwa afungue akiwa tayari. Akangoja. Midomo ilikuwa inasoma Bismillah. Kisha akafungua.

Jicho la kulia, lile lililokuwa maziwa, lilikuwa jeusi! Jeusi kabisa, linameta kama kisima. Likasogea. Likaenda dirishani, likashuka na mwanga mpaka sakafuni, likarudi kwenye mikono yake iliyokuwa mapajani. Aliitazama mikono hiyo mbele na nyuma kama mtu aliyeletewa mgeni.

Kisha akamtazama Ebla. Akagusa nywele zilizochungulia chini ya mtandio.

"Mwanangu," akasema, "mvi hizi zimeingia lini?"

Ebla alilia kwa sauti. Daktari naye akageuka kupanga vitu ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, nashukuru kuna ukuta. Mwanamke kijana ameingiza kisu chembamba kama unywele ndani ya kitu kidogo kama zabibu, akatoa ukungu, akaweka kioo, na mchana umerudi ndani ya mtu! Na mimi nilikuja hapa kutafuta kosa. Allahu Akbar.

Kiswahili huuita ugonjwa huu mtoto wa jicho. Yule wa jicho ameshatolewa. Wa tumbo alikuwa bado mlangoni.

Hooyo akamwita. Jama akaingia ameinamisha kichwa. Akamtazama kwa muda mrefu sana.

"Umekonda," akasema.

Alhamisi, 30 Oktoba

Siku ya usuluhishi. Wakili Ilhan alisema hooyo anaweza kwenda mahakamani kudai fidia, au tukae kwanza tuone kama kuna mapatano, hata hilo sheria inaliruhusu. Hooyo alichagua kukaa kwanza. Akasema lakini akae kama mteja.

Mimi nilikuwa na mpango. Mbuzi! Unapeleka mbuzi mnono, unaomba radhi kimila, watu wanakula, jambo linazama tumboni. Nilichagua beberu mzuri sana sokoni, nikampiga brashi, nikamfunga nje ya ofisi ya wakili.

Hooyo alipofika alisimama mbele yake. Jicho moja tu, na bado dogo kwa uchovu. Akamzunguka. Akamfungua mdomo. Akaweka sikio ubavuni.

"Mbuzi huyu ana ugonjwa wa mapafu," akasema. "Hamalizi mwezi."

Wallahi sikujua! Karibu sikujua. Nilikuwa nimemsikia akikohoa mara moja.

Tukaingia. Wakili akamketisha hooyo katikati, mahali pa mkubwa. Jama na mimi tukakaa pembeni. Ebla alisimama mlangoni, sijui kunizuia nisikimbie au vipi. Wakili akamwambia hooyo aeleze alichouziwa, alichoahidiwa, na kilichompata. Akaeleza. Maneno machache, hakuna hata tusi moja. Nilifikiri nitasikia kilio. Kilikuwa kitu kizito kuliko kilio. Mwanamke ambaye hajawahi kuketi darasani, na sheria yote ya nchi ilikuwa imenyamaza inamsikiliza yeye. Wakili alikuwa haandiki hata neno, ameinama mbele tu kama mtoto anayesimuliwa hadithi.

Jama akapiga magoti. Akaomba msamaha kama mtoto kwa mama yake.

Hooyo akaweka mkono kichwani mwake.

"Mama amekusamehe," akasema. "Amekusamehe kabla hujaomba. Lakini mteja hajakusamehe."

Jama akauliza mteja anataka nini. Akasema atauza gari, atauza saa. Mimi nikasema haraka kwamba mimi sina saa.

"Sitaki gari lako, nataka liende," hooyo akasema. "Kila kijiji ulichopita na kile kipaza sauti, utarudi. Ukingo wote wa mto. Kila jicho ulilolitilia tone, utalitafuta, utalileta kwa daktari lipimwe, kwa gharama yako. Wasioweza kutembea utawabeba. Na utawaambia ukweli kwa sauti ileile uliyowaambia uongo. Mimi jicho langu limeshakwenda. Yao labda bado."

Feni ya wakili ilikuwa inazunguka. Nilimwona wakili akijifuta jicho kwa kidole kidogo.

Kisha hooyo akanielekezea jicho lile jipya.

"Na jina la kwanza," akasema, "atashika kipaza sauti."

Alhamisi, 6 Novemba

Balambala. Vumbi mpaka kwenye meno.

Nashika kipaza sauti. Jama anaendesha. Nasema: matone ya buluu tuliyowauzia yanaua macho, tuwieni radhi, pandeni gari mkapimwe bure. Mara ya kwanza sauti ilikwama. Nilijaribu kusema "matone fulani ya watu fulani". Jama akasimamisha gari. Akaninyang'anya, akasema yeye mwenyewe: mimi Jama, mtoto wa Bishara, nimempofusha mama yangu jicho moja, msikubali niwapofushe na nyinyi. Kisha akanirudishia kipaza sauti bila kunitazama.

Watu walitoka. Kijiji cha kwanza wametupiga mawe, madogo lakini yamelengwa vizuri. Kijiji cha pili mzee alikataa kutoa kichupa chake, eti kinamsaidia. Tulikaa naye mpaka akatukabidhi. Mwanamke mmoja alimpiga Jama kofi, kisha akampa maji ya kunywa.

Daktari Deka amefungua meza yake darasani kwenye shule, wakati wanafunzi wako likizo. Foleni imezunguka jengo. Hooyo amekaa kwenye kiti mbele kabisa. Kila anayeingia na hofu anamshika mkono, anamwonyesha jicho lililopona na jicho lililokufa, yote mawili, bila kuficha. Kisha anamwambia: daktari akikueleza usielewe, muulize tena, ni haki yako. Wazee waliokuwa wakimpita kana kwamba ni kivuli wanamwinamia kumsikiliza.

Alasiri aliletwa mchungaji mmoja wa ngamia, Gollo, Mborana aliyetoka pande za Wajir kufuata malisho. Presha yake iko juu, lakini mshipa bado mzima. Daktari akasema angechelewa msimu mmoja tu, basi. Amewahi! Gollo hakuelewa kwa nini watu wazima wawili, mimi na Jama, tulikuwa tumekumbatiana nyuma ya darasa la tatu tukilia kama watoto.

Sijawahi kuwa karibu na kitu kikubwa hivi. Ni kama kusimama karibu na mto usiku, huuoni lakini ardhi inatetemeka.

Jumatatu, 10 Novemba

Tumerudi Garissa. Jama ameshatajiwa tarehe ya mahakama kwa lile la leseni, kwani mzigo ulikuwa wake, naye anasema atakwenda na atasema kweli. Ameshauza saa kulipia mafuta ya safari ijayo. Hooyo ameshaombwa na wakili awe anakuja ukumbini kuzungumza na wagonjwa. Ebla amenipikia anjera bila kuniuliza nina mpango gani. Amani.

Mimi nimebadilika kabisa. Naiandika ili ishuhudiwe. Sitauza kamwe kitu nisichokijua. Sitamficha mteja ukweli. Mteja ni mfalme, na mgonjwa ni mfalme aliyelala. Nimeiona sheria kwa macho yangu, ukubwa wake na uzuri wake, na mtu akishaona vile hawezi kurudi alikotoka.

Leo mchana nilikuwa sokoni nikatambulishwa kwa bwana mmoja kutoka Lafey, huko Mandera. Mtu msafi, ananukia udi. Anakausha maziwa ya ngamia yanakuwa unga, anayatia kwenye kopo. Anasema yanashusha sukari, yanaimarisha goti, na wazee wa kwao wakiyanywa huota meno upya.

Nilimkazia macho. Mimi si mtu wa juzi! Nilimuuliza maswali yote, moja kwa moja, kama wakili. Je, umewaeleza wateja ukweli? Akasema anawaeleza kila siku, ndiyo maana wananunua. Je, kuna aliyeumia? Akasema hakuna aliyerudi kulalamika. Nikamtegea swali kubwa kabisa, lile lililotuangusha mara ya kwanza. Je, imesajiliwa?

Akanitazama kwa mshangao. Akaniuliza, wewe umewahi kuona wapi ngamia akisajiliwa?

Subhanallah! Hoja nzito kiasi hicho! Nimeigeuza upande huu na upande ule mchana kutwa na sijaona ufa. Wakili gani ataipinga?

Anatafuta mshirika wa Garissa. Tunaonana kesho baada ya alfajiri, kabla Ebla hajaamka.